Ulimi hauna ramani ya ladha
Ule mchoro wa ulimi umerudi tena kwenye magrupu ya wazazi, eti marudio ya sayansi: utamu nchani, uchachu pembeni, uchungu nyuma kabisa. Si kweli. Kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonja huhisi ladha zote; tofauti zipo, ila ni ndogo mno. Utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901 ulipima tofauti hizo, na waliounukuu baadaye wakazichora kama mipaka. Mjaribu mwanao jikoni: chovya pamba kwenye maji ya limau, mguse ncha ya ulimi. Uso utakunjamana palepale. Mchoro huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mtoto anaukariri kwa ajili ya mtihani.