Je, wajua umbali wa nyota hupimwaje bila mtu kufika huko?

Ukiliacha Jua, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ni Proxima Centauri, na nuru yake husafiri miaka 4.24 kabla ya kutufikia. Kwa kilomita ni kama trilioni 40. Galaksi ya Andromeda, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iko mbali zaidi sana, miaka ya nuru milioni 2.5. Chombo cha Voyager 1, ambacho kimefika mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu, kilirushwa mwaka 1977, na mpaka leo kimekwenda umbali ambao nuru huumaliza kwa takriban siku moja tu. Kwa hiyo ni haki mtu kuuliza: hizo namba zimetoka wapi?

Hakuna kipimo kimoja kinachofika kote. Kuna ngazi ya vipimo, na kila kipandio kimeegemea kile cha chini yake. Kipimo cha karibu hutumika kusahihisha cha mbali, hicho nacho husahihisha cha mbali zaidi. Ndiyo maana kosa dogo la chini halibaki chini. Hupanda na kila kitu kilicho juu yake. Historia ya astronomia imejaa makosa ya namna hiyo, na kuyafahamu kunafundisha mengi kuliko kukariri namba.

Kipandio cha kwanza: Jua

Kabla ya kupima nyota ni lazima ujue Dunia iko umbali gani na Jua. Tangu zama za Johannes Kepler, karne ya 17, uwiano wa mizunguko ya sayari ulijulikana vizuri: Zuhura huzunguka kwa umbali wa takriban 0.72 ya ule wa Dunia. Kilichokosekana ni kilomita. Ukipata umbali mmoja tu wa kweli kati ya sayari mbili, mingine yote hupatikana kwa hesabu.

Mwaka 1961 umbali huo ulipatikana kwa rada. Mawimbi ya redio yalielekezwa Zuhura ilipokuwa karibu nasi, yakagonga uso wake na kurudi chini kidogo ya dakika tano baadaye. Unachukua muda huo, unauzidisha kwa kasi ya nuru, unagawanya kwa mbili. Jua lenyewe halifai kupigwa rada kwa kazi hii, kwa sababu halina uso mgumu wa kurudisha mwangwi safi, tena lenyewe linatoa kelele nyingi za redio. Leo umbali wa kati ya Dunia na Jua umewekwa rasmi kuwa kilomita 149,597,870.7.

Paralaksi: kipimo kisichohitaji kubahatisha

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kisha kitazame kwa jicho la kulia huku la kushoto limefumbwa, halafu badilisha. Kidole kinaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukikilinganisha na vitu vilivyo nyuma yake. Kikiwa karibu kinaruka sana. Kikiwa mbali kinaruka kidogo. Huko angani, macho yetu mawili ni Dunia ya leo na Dunia ya miezi sita ijayo, ikiwa upande wa pili wa Jua. Mwachano wake ni karibu kilomita milioni 300.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unapima nafasi ya nyota ukiilinganisha na nyota za mbali sana zilizo nyuma yake, unarudia mara nyingi mwaka mzima, kisha unachukua nusu ya mwendo wote ulioonekana. Hiyo nusu ndiyo paralaksi. Hupimwa kwa sekunde za pembe, na sekunde moja ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Nyota yenye paralaksi ya sekunde 1 iko umbali wa parseki 1, sawa na miaka ya nuru 3.26. Kupata umbali, gawanya 1 kwa paralaksi. Proxima Centauri ina paralaksi ya 0.768: 1 gawanya kwa 0.768 ni parseki 1.30, zidisha kwa 3.26, unapata miaka ya nuru 4.24.

Hesabu ni nyepesi, ugumu uko kwenye kupima. Mwezi mpevu una upana wa kama sekunde 1,800 za pembe, na nyota iliyo karibu kuliko zote ina paralaksi ya chini ya sekunde moja. Ndiyo maana wanaastronomia walihangaika tangu enzi za Copernicus, aliyesema Dunia huzunguka Jua, bila kuona kitu, hata wengine wakachukua ukimya huo kuwa ushahidi kwamba Dunia haizunguki. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha kwanza kilichokubalika, cha nyota 61 Cygni. Alipata paralaksi ya sekunde 0.314. Thamani ya kisasa ni takriban 0.286, yaani alikosea kwa asilimia kama kumi tu, kwa jicho na darubini ya wakati ule. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Mambo matatu huharibu kipimo hiki. La kwanza ni hewa: inatikisa mwanga na kutandaza picha ya nyota hadi upana wa karibu sekunde moja, mara nyingi kuliko mwendo unaoutafuta. La pili ni mwendo wa nyota yenyewe. Nyota ya Barnard husogea angani zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka, ilhali paralaksi yake ni kama nusu sekunde. Ukipima mara mbili tu utachanganya mambo hayo mawili, hivyo inabidi kufuatilia zaidi ya mwaka mpaka mstari wa kwenda mbele utengane na yumbayumba ya kila mwaka. La tatu ni kwamba Dunia inapokwenda mbio, mwanga wa nyota zote huonekana kuinama, hadi sekunde 20.5. James Bradley aligundua jambo hilo miaka ya 1720 alipokuwa akitafuta paralaksi. Ni kubwa kuliko paralaksi yoyote, lakini huzigusa nyota za eneo moja kwa namna ileile, kwa hiyo linaweza kuondolewa.

Dawa ya hewa ni kutoka nje ya hewa. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima nyota takriban 118,000. Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilikusanya data hadi Januari 2025 na kupima karibu nyota bilioni mbili. Gaia ilikuwa na darubini mbili zilizotazama pande mbili za anga kwa wakati mmoja, zikiachana kwa pembe ya digrii 106.5, ili nyota za huku zilinganishwe na za kule.

Hata hivyo Gaia nayo ina kosa lake, na namna lilivyokamatwa inapendeza. Kuna vitu viitwavyo kwasa, viini ving'aavyo vya galaksi za mbali mno, ambavyo paralaksi yake inapaswa kuwa sifuri. Katika data zilizotolewa mwaka 2020, wastani wake ulitoka hasi kidogo, kama sehemu 17 za milioni za sekunde moja chini ya sifuri. Kwa nyota iliyo miaka ya nuru 3,260, kasoro hiyo ni asilimia 1.7. Kwa nyota iliyo mbali mara kumi, inakuwa asilimia 17. Anayechukua namba hizo bila kuzisahihisha ataiona nyota ya mbali iko mbali zaidi kuliko ilivyo.

Kundi la nyota la Kilimia liliwahi kuleta ubishi wa miaka mingi kwa sababu ya mambo kama haya. Hipparcos ilitoa umbali wa takriban miaka ya nuru 390, wakati njia nyingine zilisema zaidi ya 430. Gaia ilipopima ilipata karibu 444. Hipparcos ndiyo iliyokuwa imekosea.

Nyota zinazotaja mwangaza wao

Kadiri nyota inavyokuwa mbali, paralaksi inapotelea ndani ya kosa la kipimo. Hapo tunabadilisha mbinu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: nyota mbili zikiwa na mwangaza halisi uleule, na moja ikaonekana hafifu mara 100 kuliko mwenzake, basi iko mbali mara 10. Tatizo ni kuujua huo mwangaza halisi. Nyota hafifu inaweza kuwa ndogo na ya karibu, au kubwa na ya mbali.

Ufunguo ulipatikana na Henrietta Swan Leavitt katika kituo cha astronomia cha Harvard. Alikuwa akichunguza sahani za picha za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, na kutafuta nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, kwamba kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kumaliza mzunguko mmoja, ndivyo mwangaza wake ulivyo mkubwa. Kwa kuwa nyota zote hizo zilikuwa katika wingu moja, umbali wao kwetu ulikuwa karibu sawa, na tofauti ya mwangaza ilikuwa tofauti ya kweli. Nyota hizi huitwa Sefeidi.

Zinapumua hivi kwa sababu ya heliamu. Nyota ikijikunja, tabaka la heliamu lililo ndani hupoteza elektroni na kuzuia mwanga usipite. Joto hujilimbikiza chini yake na kuisukuma nyota ivimbe. Ikivimba inapoa, elektroni hurudi, mwanga hupenya, msukumo hupungua na nyota huanguka tena. Nyota kubwa huchukua muda mrefu kufanya hivyo, na ndiyo pia yenye mwangaza mkubwa. Sefeidi ya siku kumi hung'aa kuliko Jua mara elfu kadhaa.

Oktoba 1923, Edwin Hubble alipiga picha Andromeda kwa darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson. Nukta moja kwenye sahani aliiandikia N, akidhani ni nova, yaani nyota inayong'aa ghafla kisha kufifia. Alipoilinganisha na picha za zamani aliikata ile N na kuandika "VAR!", kwa kuwa nyota ile ilikuwa ikibadilika. Mzunguko wake ulikuwa kama siku 31, na umbali alioupata ulikuwa karibu miaka ya nuru 900,000. Andromeda ikawa galaksi kamili, nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu.

Lakini umbali wa kweli ni milioni 2.5. Sababu kubwa ya kosa ilifichuliwa na Walter Baade, aliyeeleza mwaka 1952 kwamba nyota za namna hii ziko za aina mbili, na zenye mzunguko wa siku zilezile hazina mwangaza uleule. Hubble alikuwa ametumia kanuni ya aina moja kwa nyota za aina nyingine. Kwa sahihisho hilo moja, umbali wa galaksi zote uliongezeka karibu maradufu.

Adui mwingine ni vumbi. Vumbi likimeza asilimia 20 ya mwanga wa nyota na usijue, utaikadiria iko mbali zaidi kwa asilimia 12. Bahati ni kwamba vumbi humeza mwanga wa buluu kuliko mwekundu, hivyo ukipima kwa rangi kadhaa unaona wizi huo na kuurudisha. Kupima kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho ambao hupenya vumbi, ni bora zaidi.

Milipuko, kisha wekundu wa nuru

Sefeidi nazo zina mwisho wake. Mbele ya hapo hutumika supanova za aina ya Ia, milipuko ya nyota kibete nyeupe, yaani masalia madogo mazito ya nyota zilizokwisha. Inapofika kileleni huwa na mwangaza wa karibu Jua bilioni tano. Hazilingani sawasawa zote, ila zile kali zaidi hufifia polepole zaidi, kwa hiyo ukifuatilia wiki kadhaa unaweza kuisahihisha kila moja. Agosti 2011 moja ililipuka katika galaksi M101, miaka ya nuru kama milioni 21 kutoka kwetu. Galaksi hiyo ina Sefeidi zilizopimwa, na makutano kama hayo ndiyo yanayounganisha kipandio kimoja na kingine. Supanova hizi ndizo zilizoonyesha mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka.

Kwenye galaksi za mbali zaidi, unasoma umbali katika rangi. Hidrojeni hutoa mstari mwekundu wenye wimbi la nanomita 656.3. Ukiukuta kwenye nanomita 662.9, nuru imenyooshwa kwa asilimia moja, na galaksi inatuacha kwa kilomita 3,000 hivi kwa sekunde. Ukichukua kasi ya kutanuka ya kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (parseki milioni moja), 3,000 gawanya kwa 70 ni megaparseki 43, yaani miaka ya nuru milioni 140. Kwa galaksi za jirani njia hii haifai, kwani miendo yao wenyewe huzidi ule wa kutanuka. Andromeda inatusogelea kabisa.

Ile 70 ndiyo yenye mgogoro. Hubble mwaka 1929 alipata karibu 500, kwa kuwa umbali wake ulikuwa mfupi mno. Kwa namba hiyo ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni mbili, mdogo kuliko miamba ya Dunia! Leo timu ya Adam Riess, iliyotumia supanova 42 katika galaksi 37 zenye Sefeidi, inapata 73. Setilaiti ya Planck, iliyopima mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, inatoa 67.4. Pengo hilo ni kubwa kuliko makosa ambayo kila upande unayakubali. Ilidhaniwa kwamba Sefeidi za mbali huchanganyika na mwanga wa nyota zilizosongamana nazo, zikaonekana kali kuliko zilivyo. Darubini ya James Webb, yenye jicho kali zaidi, imezitazama upya, na msongamano haukutosha kueleza tofauti. Timu ya Wendy Freedman, inayotumia pia aina nyingine za nyota, inapata karibu 70, katikati ya pande hizo mbili.