Soma vioo kabla ya maneno: Douglas Sirk na Marekani ya miaka ya 1950

Ukifuata mazungumzo tu katika filamu *All That Heaven Allows* (1955), iliyoongozwa na Douglas Sirk, utaona hadithi nyepesi. Cary Scott, mjane wa mji mdogo wa New England, anampenda Ron Kirby, kijana anayekuja kupogoa miti yake, na majirani wanasema. Hiyo ndiyo hadithi ambayo studio ya Universal iliiuza. Shutuma ya Sirk dhidi ya jamii ile iliyoneemeka baada ya vita na kuishi kwa funika kombe mwanaharamu apite haimo sana midomoni mwa waigizaji. Imo kwenye vioo, taa na samani.

Kwa hiyo rekebisha runinga yako kwanza. Achana na ule mpangilio wa rangi kali wa dukani, weka wa sinema, na uzime kilainisha mwendo, kile kinachofanya mwendo kwenye skrini uonekane laini kupita kiasi. Bila hivyo, bluu na chungwa za Russell Metty, mkuu wa upigaji picha, zitawaka kwa nguvu ile ile, nawe hutaona jinsi manjano ya taa ya sebuleni yanavyogombana na bluu ya dirishani. Usihangaike kutafuta bluu hiyo imetoka wapi. Mara nyingi haina chanzo cha kueleweka.

Kisha angalia kinachosimama kati ya watu. Cary anapogombana na mwanawe Ned kuhusu ndoa, kati yao kuna kiambaza cha mbao. Krismasi ikifika, yuko nyuma ya dirisha anatokwa machozi, na miti ya dirisha hilo imekaa kama nondo.

Kilele ni runinga. Ameshamwacha Ron kwa ajili ya watoto, na sasa watoto wenyewe wanaondoka: Kay anaolewa, Ned anakwenda ng'ambo. Zawadi yao kwa mama ni runinga. Muuzaji anamhakikishia kwamba akizungusha kitufe tu, hatakosa mtu wa kukaa naye. Kamera inakisogelea kioo cha runinga ambayo haijawashwa, na ndani yake yumo Cary mwenyewe. (Hapo Hollywood pia inampiga kijembe mshindani aliyekuwa akiinyang'anya watazamaji.)

Awali Kay alikuwa amesimulia desturi ya Misri ya kale ya kumzika mjane akiwa hai pamoja na mali ya mumewe, akaongeza kwamba mambo hayo yamekwisha. Mama akajibu kwamba labda yamekwisha huko Misri. Eda ya kwetu ina siku ya kutoka. Ya Cary haina.

Wengi hudhani mwisho wake ni wa furaha. Sirk alitaka Ron afe, mtayarishaji Ross Hunter akakataa. Lakini mtazame Ron: yuko hoi kitandani baada ya kuanguka. Cary anaruhusiwa kumpata mwanamume wake pale tu anapohitaji wa kumuuguza, na kulungu mzuri aliyesimama nje kwenye theluji anabaki upande wa pili wa kioo.