Je, wajua kwa nini reli hii ya Japani inaishi kwa kuuza biskuti?

Ukishuka kituo cha Tokawa, reli imekwisha. Kituo ni kijumba cha mbao cha mwaka 1923, na kando yake limeegeshwa behewa kuukuu lililostaafu safari. Ukitoka nje, njia inateremka moja kwa moja hadi bandari ya wavuvi.

Hapa ni Choshi, mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo, pale mto Tone unapomwaga maji yake baharini. Reli ni ya kampuni ndogo iitwayo Choshi Dentetsu: kilomita 6.4, vituo 10, mwendo wa kama dakika 20. Nauli ya safari fupi namna hiyo hailipi. Mji uliowahi kuwa na watu zaidi ya 90,000 leo haufikishi 60,000, na wengi waliobaki wana magari yao.

Hapo ndipo senbei inapoingia. Senbei ni biskuti ya mchele inayookwa hadi ikauka kau. Ukiitafuna, jirani anasikia. Lakini Choshi ni mji wa sosi ya soya tangu karne ya 17, na hapo biskuti huchovywa kwenye sosi ingali ya moto. Inainywa, inalainika, ukiikata kwa meno inavutika badala ya kuvunjika. Huitwa nure-senbei, yaani senbei iliyolowa. Kampuni ya reli ilianza kuiuza mwaka 1995 ili kuongeza kipato.

Mwaka 2006 maji yakafika shingoni. Treni zilitakiwa kukaguliwa kwa mujibu wa sheria, na pesa hazikuwepo. Wafanyakazi wakaandika kwenye tovuti ya kampuni bila kuficha kitu: tununulieni senbei, tunatafuta pesa za kutengeneza treni. Ombi likasambaa nchi nzima na oda zikamiminika kuliko walivyoweza kuzitimiza. Treni zikakaguliwa. Siku hizi vitafunwa vinaingiza pesa nyingi kuliko nauli, kiasi kwamba unajiuliza kama hii ni reli inayouza biskuti au duka la biskuti lenye treni.

Mimi kinachonivutia zaidi ni jinsi wasivyoona haya kujicheka. Wajapani wana kitafunwa maarufu cha bei ya chini kiitwacho Umaibo. Umai maana yake ni kitamu. Mwaka 2018 Choshi Dentetsu wakatoa cha kwao: Mazuibo. Mazui ni kibaya mdomoni, lakini husemwa pia mambo yanapokwenda kombo, kama vitabu vyao vya hesabu.

Hata majina ya vituo wameyauza. Kituo cha Kasagami-Kurohae kilipewa na kampuni ya bidhaa za nywele jina la utani linalosomeka kama "nywele zinaota nyeusi". Tokawa, kule mwisho wa reli, kikaitwa Arigato: asante.