Kwa nini samaki hung'ang'ania wavu wa kuchomea?

Jibu la wengi ni kwamba mafuta hayakutosha. Basi wavu hupakwa mara mbili, mara tatu, na ngozi bado inabaki pale pale kwenye chuma. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini mafuta yaliyopakwa kwenye chuma cha moto huungua yakatoa moshi, na masalia yake hugeuka utando wa kunata. Ni afadhali kumpaka samaki mwenyewe, kidogo tu. Wengine hulaumu moto mkali, na hao wamepotea zaidi: wavu wenye joto hafifu ndio unaonata. Hofu hiyo hiyo huwafanya wamgeuze samaki mapema, yaani wakati ameshikana na chuma barabara.

Chanzo ni protini. Katika samaki mbichi, protini imekunjwa kama uzi uliofungwa fundo. Joto likifika 40°C hivi, mafundo huanza kufumuka, na ncha zilizoachwa huru hushika chochote kilicho karibu, chuma kikiwemo. Joto likizidi, nyuzi husokotana zenyewe kwa zenyewe. Ngozi hukauka, husinyaa na mara nyingi huachia. Kwa hiyo kunata ni hatua ya kupita tu, na kinachoirefusha ni maji. Ngozi yenye majimaji haivuki 100°C kwa urahisi, ilhali ukoko wa kahawia unahitaji kama 140°C.

Cha ajabu, nyama ya ng'ombe nayo hunata vilevile, ila haichaniki. Samaki ana kolajeni chache, yaani protini inayoshikanisha nyama, tena huyeyuka mapema, hivyo minofu huachana kabla ngozi haijaachia.

Mkaushe samaki kwa kitambaa, nje na ndani ya tumbo. Tia chumvi, kijiko cha chai kwa nusu kilo, subiri dakika 15, kisha mfute tena, kwa sababu chumvi huvuta maji nje. Aliyetoka kwenye barafu hutiririka zaidi. Huyo mfute mara tatu. Limau lisubiri mezani. Chanja ngozi juu juu kila sentimita 3, isije ikajikunja.

Makaa yakishavaa jivu jeupe, acha wavu juu yake dakika 10, kisha usugue. Mlaze samaki, usimguse kwa dakika 4, halafu inua ncha moja kwa mwiko mwembamba. Akigoma, mpe dakika nyingine.

Kadiria dakika 10 kwa jumla kwa unene wa sentimita 2.5. Samaki wa kuvuliwa mara nyingi ana mafuta machache kuliko wa kufugwa, hivyo hukauka haraka: mtoe mara katikati ikifika 63°C. Minofu myembamba isiyo na ngozi haifuati kanuni hizi vizuri. Itavunjika tu, hata ukivumilia. Hiyo ibane kati ya nyavu mbili zenye mpini, ugeuze zote kwa pamoja.