Kabla ya Kuvaa Joho: Kijana Anayetaka Uanasheria Aanzie Wapi

Mtoto akiwa mbishi nyumbani, hakosi kuambiwa, "Wewe utakuwa wakili tu." Wengi hufika chuoni wakiwa na sifa hiyo moja mkononi, na sisi tunaofundisha sheria huanza kwa kuwavunja moyo kidogo. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kimya: kusoma mkataba mnene hadi ulione neno lililogeuza maana ya kifungu kizima, au kuandika barua ambayo upande wa pili hautapata pa kuishika. Wako wanasheria wanaostaafu bila kusimama mbele ya jaji hata mara moja.

Basi maandalizi yaanze kwenye kusoma, tena kusoma polepole. Chukua kesi moja uifungue kama fundi anavyofungua redio. Mimi huwapa vijana kesi ya konokono. Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, vilivyomo havionekani. Akanywa kidogo. Rafiki alipommiminia iliyobaki, kwa maelezo ya mama huyo, akatoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Amdai nani? Mwenye duka hakumwuzia yeye, kwani aliyelipa ni rafiki. Mtengenezaji wa soda hajawahi hata kumwona, seuze kufunga naye mkataba.

Ukifika hapo, simama. Usikimbilie jibu. Andika nusu ukurasa ukimtetea mama huyo, kisha nusu ukurasa ukimtetea mtengenezaji, kwa nguvu ile ile. Hapa vijana wengi hukwama, maana huruma imeshatoa hukumu kabla ya kalamu. Nusu ya pili ikitoka dhaifu, irudie. Hoja utakayokutana nayo siku moja kutoka kwa wakili wa upande mwingine haitakuwa dhaifu.

Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililosikiliza rufaa za mwisho, liliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji wa bidhaa yake, hata kama hana mkataba naye. Na kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kila mwaka: hakuna mahakama iliyothibitisha kwamba konokono alikuwemo. Majaji waliulizwa swali la sheria peke yake: madai haya yakichukuliwa kuwa ya kweli, je, mama huyu ana haki ya kudai? Kutenga kilichotokea na kile ambacho sheria inasema juu yake ni ustadi ambao kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuuanza leo, kwa ugomvi wowote anaousikia.

Midahalo ya shule inafaa, ila omba upewe upande usioupenda. Na kama wewe ni mwenye haya, usijiondoe. Mohandas Gandhi alisajiliwa kuwa wakili jijini London mwaka 1891. Katika kesi yake ya kwanza huko Bombay alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, akaketi bila kuuliza swali hata moja, kisha akarudisha ada ya mteja. Baadaye, Afrika Kusini, alijifunza utunzaji wa hesabu ili aelewe mgogoro wa wafanyabiashara wawili, akazama katika vitabu vyao, na mwisho akawashawishi wakubali usuluhishi nje ya mahakama.

Kwa hiyo usiikimbie hisabati. Kuhusu masomo mengine sina mengi: lugha na historia husaidia sana, na mahali pengi hakuna somo moja la lazima. Ulizia mapema njia ya kwako. Uingereza mwanafunzi anaweza kuingia shahada ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari. Marekani kwa kawaida humaliza kwanza shahada nyingine, ndipo asome sheria kwa miaka mitatu. Baada ya shahada, nchi nyingi hudai mafunzo ya vitendo au mtihani, au vyote viwili.

Jambo ambalo vijana hawaambiwi ni la mwenendo. Kabla ya kusajiliwa, sehemu nyingi humchunguza mwombaji kama ni mtu wa kuaminika. Kuiba mitihani, kughushi cheti, au kuwakilisha kazi ya mwenzako kama yako kunaweza kuibuka wakati huo, na kulificha kosa huwa kubaya kuliko kosa lenyewe. Uzoefu wa kutunza siri nao uanze sasa, hata ya rafiki mliyekosana, maana mteja atakueleza mambo asiyomwambia ndugu yake.

Likizo ijayo, nenda mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, isipokuwa zile zinazofungwa kwa sababu maalumu, kama nyingi za watoto. Zima simu, kaa nyuma, beba daftari. Usimwangalie sana wakili mwenye sauti kubwa. Andika kila swali shahidi aliloulizwa, na pembeni yake uandike unachodhani wakili alikuwa anakitafuta. Asubuhi moja inatosha kujaza kurasa kadhaa.