Deni halingoji taito: yale tunaambiana kuhusu kununua ploti na nyumba Nairobi, na vile mambo yalivyo

Shangazi yangu ni mwalimu wa praimari hapa Eastlands. 2021 alichukua loni ya sacco, milioni moja na nusu, akaongeza kaakiba kake akanunua ploti upande wa Kitengela. Taito, yaani hati ya ardhi, ilikuwa halisi kabisa, sachi ya rejista ya ardhi ikatoka safi, hakuna deni la benki, hakuna kesi, sote tukampongeza. Kitu kimoja tu ndicho hatukukipa uzito, jina kwenye taito lilikuwa la mzee aliyekuwa ameshafariki, na aliyekuwa anauza ni kijana wake wa pili, mpole sana, akasema nyumbani wameshakubaliana.

Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo dhana imeumiza watu wengi ninaowajua: "mtoto wa mwenye shamba anaweza kukuuzia, si ni yake." Hapana. Si yake bado. Sheria ya mirathi inasema ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka korti impe mtu usimamizi na huo usimamizi uthibitishwe, na mtu akianza kuuza mali ya marehemu bila mamlaka hayo hiyo ni hatia, hata kama ni kifungua mimba na mama mwenyewe amekaa hapo anaitikia. Karatasi unayotaka kuona ni ile ya korti ya kuthibitisha usimamizi, ile inaonyesha nani anapata nini. Kama haipo, hata muwe mmeandikiana kwa chifu na mkapiga picha na ukoo mzima, hujanunua kitu, umekopesha mtu pesa bila riba.

Halafu kuna ile ya "sachi ikiwa safi maliza tu." Sachi lazima ufanye, sitaki mtu anielewe vibaya, na siku hizi Nairobi unaifanya ukiwa umekaa kwako kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ambayo ilizinduliwa Aprili 2021. Lakini elewa inakuambia nini. Inakuambia leo hii kwa rejista kumeandikwa jina la nani, ukubwa, na kama kuna benki ama mtu ameweka zuio. Haikuambii huyo aliyesimama mbele yako na kitambulisho ndiye mwenyewe, haikuambii kama ploti uliyoonyeshwa na broka Jumamosi ndiyo ile iliyo kwenye karatasi (nimeona mtu akijenga kwa ploti ya jirani, msingi na kuta), haikuambii kama kipande fulani kimeingia kwa barabara ama chini ya nyaya za stima. Hayo ni ya sevea, umlipe aje na ramani atafute bikoni, zile alama za mipaka, na uulize majirani, tena uende siku ambayo broka hayupo.

Na hata jina likiwa sawa, swali ni lilifikaje hapo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, ardhi ya Nyali, na majaji wakasema wazi kwamba kuwa na hati peke yake hakutoshi kama mzizi wa hiyo hati ulikuwa mbovu, yaani ile ardhi ilitolewa mwanzo bila kufuata utaratibu, na mnunuzi wa baadaye hawezi kusema mimi sikujua, nilinunua kwa nia njema. Hii ni kubwa sana watu wangu. Katiba yenyewe kifungu cha 40 inasema ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Ndiyo maana wakili mzuri haridhiki na sachi, anaitisha historia yote, ile watu wa ardhi wanaita green card, anarudi nyuma mwenye wa kwanza, wa pili, wa tatu, anatafuta mahali harufu inabadilika. Oktoba 2023 tuliona sote kwa TV kule Athi River, ardhi ambayo korti iliamua ni ya East African Portland Cement, tingatinga zikaingia kwa nyumba ambazo watu walikuwa wameishi, wengine na watoto wakiwa shule za hapo hapo. Wale watu hawakuwa wajinga. Walikuwa na makaratasi.

"Tuma dipoziti leo kwa M-Pesa kuna mtu mwingine anaitaka." Hii haraka ndiyo silaha ya broka. Mkataba wa ardhi Kenya lazima uwe kwa maandishi, usainiwe na wote wawili na uwe na shahidi, bila hivyo ukienda kudai ile ardhi kortini hauna mguu wa kusimamia. Kawaida dipoziti ni asilimia 10, na inakaa kwa wakili mpaka mambo yakamilike, haiendi kwa mfuko wa muuzaji, na muda wa kumaliza kwa kawaida ni siku 90. Ukishasaini unaweza kuandikisha zuio kwa rejista, ile wanaita kaushen, ili mtu asiuzie mwingine nyuma yako. Watu wengi hawajui hii iko, na ni kitu kidogo tu wakili anafanya. Halafu tafadhali chukua wakili wako. Yule wa muuzaji ni wa muuzaji hata akikuchangamkia namna gani.

Kama ardhi ni ya kilimo, na nyingi za Kajiado, Machakos na Kiambu kwa makaratasi bado ni za kilimo hata kama zimekatwa ploti ndogo ndogo, unahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hayo mauzo ni bure, kazi yako inabaki kudai pesa zako kama deni. Na kama muuzaji ameoa ama ameolewa na hiyo ni mali ya ndoa, mwenzake lazima akubali, kwa maandishi, usikubali kuambiwa tulishaongea.

Sasa pesa. Hapa ndipo nataka tukae kidogo juu ni hapa watu wenye akili zao wanakosea hesabu.

Kwanza bei si ile umeambiwa. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, na anayelipa ni mnunuzi. Flati ya milioni 4 Nairobi ni 160,000 hapo tu, kabla ya wakili, kabla ya ada za usajili, na kama ni mogeji, yaani mkopo wa nyumba, benki pia ina mthamini wake na wakili wake na wewe ndiye unawalipa. Wengine hudhani wataandika bei ya chini kwa mkataba waepuke, lakini serikali hutuma mthamini wake na ushuru hufuata thamani yake, kwa hivyo umejidanganya na umebaki na mkataba wa uongo ambao siku ukiuza utakuumiza, maana ushuru wa faida ni asilimia 15 tangu 2023, na faida inahesabiwa kutoka ile bei ya chini uliyoandika. Weka risiti zote. Za wakili, za stempu, za fundi. Siku ya kuuza ndizo zinapunguza ile faida.

Pili, "kodi ya mpangaji italipa mogeji." Nimesikia hii mpaka kwa chama. Chukua milioni 4, riba asilimia 14, miaka 20, utalipa karibu 49,700 kila mwezi, na mwisho utakuwa umerudisha karibu milioni 12. Flati ya milioni 4 hapa mjini inakuletea ngapi? 30,000, 35,000 ukibahatika, na hapo hujatoa service charge, ile ada ya kutunza jengo, hujatoa mwezi ile nyumba imekaa tupu, hujatoa ushuru wa KRA. Hiyo tofauti inatoka kwa mshahara wako. Si vibaya kuitoa kama ulijua, mbaya ni kuigundua mwezi wa tatu. Nchi nzima mogeji ziko kama elfu 30 hivi, na watu siyo kwamba hawapendi nyumba, ni hesabu inakataa. Mtu atakuambia kuna ya asilimia 9 ya KMRC, ile kampuni ya kufadhili mogeji. Kweli iko, na kwa 9 hiyo milioni 4 inashuka mpaka karibu 36,000 kwa mwezi, lakini KMRC haikopeshi wewe, inakopesha mabenki na sacco ndio wakupe, na lengo lake ni watu wapate nyumba ya kuishi, kwa hivyo ukitaka ya kupangisha uliza swali hilo mapema kabla hujapanga maisha juu yake.

Asilimia nayo ina ujanja wake. Ukiambiwa "ni asilimia 10 tu" uliza, kwa salio linalopungua ama flat, yaani riba inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho? Milioni moja kwa miaka 5 asilimia 10 flat unalipa 25,000 kila mwezi, na hiyo ukiigeuza kwa salio linalopungua ni zaidi ya asilimia 17. Ile ya sacco ya asilimia 12 kwa salio linalopungua, ambayo ukiitazama kwa karatasi inaonekana juu, ndiyo rahisi.

KRA: ushuru wa nyumba za kuishi unazopangisha ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea kwa wapangaji, tangu Januari 2024, kama kwa mwaka unapata kati ya 288,000 na milioni 15. Hakuna kutoa gharama za rangi ama mabomba. Unapeleka ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mtu wa bedsita tatu za 10,000 anafikiri yeye ni mdogo sana, lakini hiyo ni 360,000 kwa mwaka, ameshaingia.

Na ukishakuwa landilodi, mpangaji akichelewa huendi kung'oa mlango ama kuezua mabati. Ni nyumba yako, lakini kumtoa ni kwa notisi na ikibidi kwa amri ya korti ama mahakama ya kodi za nyumba. Kwa duka ni kali zaidi, kama hakuna mkataba wa maandishi ama hauzidi miaka 5, notisi ni ya fomu maalum na si chini ya miezi 2, hata kama ni kupandisha kodi tu. Utaratibu kama huo unakulinda wewe pia kwa benki: ukishindwa kulipa hawauzi kesho, kuna notisi ya miezi 3, halafu nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na huo ndio muda wa kwenda kuongea nao. Watu huona aibu, wanazima simu, miezi inaisha.

Shangazi yangu ilibidi angoje ile familia iende korti kwanza, na kulikuwa na ndugu yao mmoja Mombasa hakuwa ameambiwa kitu, akapinga. Sacco haikujua habari za mirathi, ilikuwa inakata 33,400 kwa mshahara kila mwezi, na wadhamini wake, walimu wenzake, walikuwa wanamwangalia stafurumu. Siku taito ilitoka kwa jina lake alikuwa amelipa miezi 26, na ploti ilikuwa bado ni nyasi na bikoni nne.