Kipimo cha Dawa za Kulevya Kisikufanye Uache Kuomba Msaada

Familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani zinafika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria na hofu ileile: wamesikia kwamba ukiomba msaada wa serikali lazima upimwe mkojo, basi wameacha kuomba kabisa, hata msaada wa watoto.

Sheria ya mwaka 1996 iliyoanzisha TANF, yaani msaada wa fedha taslimu kwa familia maskini zenye watoto, iliyaruhusu majimbo kuwapima wanaopokea fedha hizo. Iliruhusu, haikulazimisha. Tennessee, Missouri na Utah ni kati ya majimbo yaliyoweka utaratibu huo, mengi hayana. Tena kinachohusika ni fedha za TANF. Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, haina kipimo hicho. Msaada wa chakula, SNAP, nao hauna kwa mwombaji wa kawaida. Suala hilo linaweza kumgusa mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la dawa za kulevya. Mzazi anayeacha kuomba chakula cha watoto kwa kuogopa kikopo cha mkojo anaogopa kitu ambacho hakipo. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanaamini ya mtaani.

Wala si kila mwombaji wa TANF anapimwa. Florida ilijaribu kupima wote kuanzia Julai 2011, mwombaji akijilipia kwanza na kurudishiwa fedha akikutwa hana kitu. Luis Lebron wa Orlando, aliyewahi kutumikia Jeshi la Majini na aliyekuwa akilea mtoto peke yake, alikataa akaenda mahakamani. Oktoba mwaka huohuo jaji alisimamisha utaratibu huo, na Desemba 2014 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba unavunja Katiba. Katika ile miezi michache walipimwa watu 4,086. Waliokutwa na dawa walikuwa 108, yaani asilimia 2.6. Kuomba msaada si dalili ya uteja, na asiwepo wa kukuaibisha kwa hilo.

Kwa kawaida majimbo yanayopima huanza na maswali. Tennessee huuliza, kwa mfano, kama umetumia dawa za kulevya katika miezi mitatu iliyopita, au umekosa kazi kwa ajili yake. Majibu yakileta shaka, ndipo unapopangiwa kipimo. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia: barua inakuja kwa Kiingereza, inawekwa juu ya friji, tarehe inapita. Kutokwenda kunahesabiwa kuwa umekataa, na aliyekataa hunyimwa fedha sawa na aliyekutwa na dawa, wakati mwingine kwa muda mrefu. Missouri adhabu inafika miaka mitatu. Kama huwezi kufika, piga simu kabla ya siku yenyewe na uandike jina la uliyezungumza naye.

Nenda na kitambulisho na dawa zako zote za hospitali. Kodeini ya kikohozi au ya maumivu huonekana kwenye kipimo. Chupa ya famasia yenye jina lako inajieleza. Vidonge kutoka nyumbani ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x3" havimthibitishii mtu chochote. Muone daktari mapema akuandikie.

Ukikutwa na dawa za kulevya, kwa kawaida unapelekwa kwanza kwenye tathmini na matibabu. Ukikamilisha, unaweza kuendelea kupokea. Watoto hawapotezi sehemu yao: hulipwa kupitia mtu mwingine aliyeidhinishwa. Na uamuzi wowote wa kukunyima una haki ya rufaa, mradi uiombe ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua.

Kwa asiye raia kuna jambo zito zaidi. Miraa inauzwa hadharani Kenya, lakini hapa kemikali ya kathinoni iliyomo imepigwa marufuku na sheria ya serikali kuu. Bangi pia, hata pale jimbo linapoiruhusu. Kukiri kwa maandishi kwamba umetumia kunaweza kuathiri ombi lako la ukaazi wa kudumu. Kudanganya kwenye fomu nako ni kosa la jinai. Kama jibu lako la kweli ni "ndiyo", muone wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Na usimtumie mwanao kutafsiri mahojiano haya. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zikupe mkalimani bure. Sema "Swahili" pale kaunta, kisha subiri aletwe.